Maji yameondoka, mipaka imefutika, na kila mtu anataka kuwa wa kwanza kulima. Tufanyeje?

Katibu_Bondeni

Wakuu habari zenu, na shikamoo kwa wakubwa. Naandika nikiwa nimeketi juu ya ndoo niliyoipindua, maana viti viko nje vinakauka na mbao za kitanda zimevimba. Mto ulitoka kwenye kingo zake usiku wa kuamkia Jumatatu. Haukuja kwa kishindo kama watu wanavyosimulia. Niliamka kumtazama mtoto, nikashusha mguu, nikakanyaga maji ya kifundoni. Ya baridi, kimya kabisa. Tulipofika kilimani na kugeuka nyuma, tochi ilikuwa inamulika ziwa. Sasa ukutani kwangu kuna mstari wa tope ulionyooka kama umepigwa kwa rula, na unanifika kifuani.

Watu wote tuko hai. Kuku wengi hawapo, na mbuzi kadhaa. Maji yalikaa siku tatu ndipo yakarudi mtoni, na leo ni siku ya nne tangu yarudi.

Mashamba yamefunikwa na tope. Mahali pengine ni kina cha kidole, pengine linafika gotini, na kwenye kona ya mto ni mchanga mtupu. Matuta hayaonekani. Vijia vya katikati ya mashamba havionekani. Miti midogo na mawe tuliyoyatumia kama alama yamezikwa au yamekwenda na maji. Tangu juzi watu wanaingia na majembe kwenye tope bichi. Nimesema mkutanoni, jamani, udongo haujawa tayari, mnauharibu. Wananiitikia kwa adabu, na alfajiri wanakwenda kulima. Jirani mmoja ndiye aliyenipa ukweli: "Katibu, hata mimi najua haujawa tayari. Lakini mwenzangu akitangulia, jembe lake litakapokomea ndipo patakapoitwa mpaka."

Hapo ndipo nilipokwama. Daftari la kikundi nililiokoa, nililibeba kichwani ndani ya sufuria, lakini ndani yake kuna majina na michango tu. Vipimo vya mashamba hatujawahi kuandika, kwa sababu kila mtu alikuwa anapajua pake.

Naomba mawazo, hasa kwa waliowahi kupitia haya. Na jambo la pili: kisima chetu kilizama. Maji yake yameanza kutakata na watu wanayachota. Je, ni salama?

Juu_Kabisa

Pole. Lakini bondeni ni njia ya mto, na mwenye njia akirudi msishangae. Hameni mlimani, hayo mengine ni kupoteza muda.

Katibu_Bondeni

Ndugu, nashukuru kwa pole. Mlimani ni kokoto. Tunaishi huku kwa sababu ya tope hilohilo unaloliona kama balaa. Nyumba zinaweza kusogea juu, na nadhani zitasogea, tumeshaanza kulizungumza. Mashamba hayana pa kusogea.

Mbeba_Mnyororo

Marahaba mwanangu, na poleni sana.

Mimi si mwanasheria wala si mpima ardhi. Nilikuwa mtu wa kuvuta mnyororo wa kupimia nyuma ya wapima ardhi, miaka kumi na moja, kwa hiyo nimekanyaga mipaka mingi kuliko wenye mashamba wengi. Jirani yako amekuambia kweli tupu. Watu wako si wajinga wa kilimo, ni waoga, na wana haki ya kuogopa. Utawahubiria habari za udongo mpaka koo likauke. Waondolee hofu ya mpaka kwanza, majembe yatatulia yenyewe.

Tope halikula mpaka, limeufunika tu. Uso wa zamani wa shamba uko palepale, chini. Mchimbe mtaro mwembamba, upana wa jembe moja, pale mnapodhani mpaka ulipita. Msichimbe kwa kuufuata, chimbeni kwa kuukata: hatua tatu upande huu, hatua tatu upande ule. Tope jipya mtalijua, ni laini, rangi moja, halina mizizi iliyojishika. Halafu jembe litagusa kitu kingine. Udongo wenye mizizi, mabua yaliyolala yote upande mmoja kama nywele zilizochanwa, maana maji yaliyalaza yakipita. Huo ndio uso wa zamani. Sasa weka jembe chini, chukua kisu, usafishe ukuta wa mtaro taratibu kama unayekwangua ukoko. Palipokuwa na tuta utaona mgongo. Palipokuwa na mfereji utaona kama bakuli lililojaa tope. Palipokuwa na kijia cha miguu utaona utepe mgumu ulioshindiliwa, kisu kinakwama.

Mimi napenda kijia kuliko ushahidi wote. Jiwe mtu anaweza kulisogeza usiku. Kijia kimekanyagwa na watu wote kwa miaka, hakuna anayeweza kukisogeza peke yake.

Mtaro wachimbe majirani wawili wenyewe, kwa zamu, na mtu wa tatu asiye na shamba hapo akiwa anatazama. Usimpe mmoja jembe na mwingine akasimama akikunja mikono. Mambo yanakwenda haraka zaidi wote wakiwa wametapakaa tope. Mkiupata, pigilieni mambo, yaani vigingi, papo hapo, mitaro miwili kwa kila upande inatosha, halafu mvute kamba kati ya mambo.

Sasa pale mto ulipokata ukingo na kuchukua udongo wenyewe, mtaro hautakusaidia, hakuna cha kuchimbua. Hapo tafuta vitu viwili ambavyo maji hayakuvisogeza, msingi wa nyumba, mti mkubwa, mwamba. Kila kona ya shamba inajulikana kwa umbali wake kutoka vitu viwili. Ukipata kona tatu kwa mitaro, ya nne wazee wataikumbuka ikiwa wataisimamia kwa miguu yao wenyewe. Wakiketi kivulini watabishana tu. Na kamba iwe kavu. Kamba ya katani ikilowa hufupika, na kamba ya nailoni ukiivuta kwa nguvu hurefuka. Nimewahi kuona ndugu wawili wakinuniana mwaka mzima, na mkosaji alikuwa kamba.

Vijana watakuambia simu inapima. Simu ya kawaida, hata mbingu ikiwa wazi, hukosea kama mita 5 hivi. Kwa shamba la hatua thelathini hiyo si kupima, hiyo ni kupiga ramli. Simu ina faida nyingine: ramani zenye picha za satelaiti za kabla ya mafuriko. Humo utaona vijia na rangi tofauti za mashamba, na utajua pa kuanzia kuchimba mtaro.

Haya si mapya. Misri ya kale, Mto Nile ulipofurika kila mwaka na kurudi, walikuwapo watu ambao kazi yao ilikuwa kunyoosha kamba na kupima. Mgiriki mmoja aliyefika huko miaka zaidi ya 2,400 iliyopita aliandika kwamba mtu akimegewa shamba na mto, alikwenda kwa mfalme, wapimaji wakatumwa kuona kilichopungua, na kodi yake ikapunguzwa kwa kiasi hicho. Kwa maneno yake, elimu ya jiometri ilianzia hapo. Nanyi mko kwenye jambo lilelile.

Nimalizie na hili, maana litakuja. Kama mto wenyewe ulikuwa ndio mpaka wa shamba fulani na sasa umehama, msikubali mtu aseme "mto umehama, basi na mpaka umehama". Sheria za nchi nyingi zinatofautisha. Mto ukisogea kidogokidogo kwa miaka, mpaka husogea nao. Ukiruka ghafla kwa usiku mmoja, mpaka hubaki ulipokuwa. Ulizeni ofisi ya ardhi ya kwenu kabla hamjaanza kurushiana maneno.

Jembe_Butu

Mzee kamaliza upande wa mpaka. Mimi nina la udongo, kwa sababu niliwahi kuwa huyo jirani wa alfajiri.

Nililima tope siku ya tano. Lilionekana limekauka, juu lilikuwa limepasuka vipande kama vigae. Chini lilikuwa uji. Nilichokipata si shamba, ni kiwanda cha matofali, na kilinisumbua misimu miwili. Udongo mbichi ukiukanyaga na kuupiga jembe, vile vitundu vidogo vya kupitisha hewa na maji vinajifunga, na ukikauka umekauka moja kwa moja.

Kipimo nilichojifunza baada ya hasara: usitazame juu. Chota udongo wa kina cha jembe, uufinyange uwe kidonge, kisha ukibonyeze kwa dole gumba. Kikivunjika, lima. Kikibonyea na kung'aa kama sabuni, rudi nyumbani. Na ukichimba ukakuta udongo wa kijivu unaonuka yai bovu, hewa imekwisha humo kabisa, mwachie nafasi apumue.

Tope la kina cha kidole, changanyeni tu na udongo wa chini wakati ukifika, ni faida. Mchanga wa gotini ni habari nyingine, huo itabidi uondolewe au sehemu hiyo ipewe kazi nyingine. Msipoteze mbegu hapo.

Mahindi yaliyokuwa shambani msiyang'oe yote kwa hasira. Machanga, yenye majani chini ya sita hivi, kilele chake cha kuotea bado kiko chini ya ardhi. Huwa yanastahimili siku mbili hadi nne za maji, na kukiwa na joto huwa pungufu. Ya kwenu yalikaa siku tatu, kwa hiyo ni bahati nasibu. Chukua mche mmoja, upasue kwa wembe kuanzia chini kwenda juu. Ndani utaona ncha ndogo. Ikiwa nyeupe na ngumu, yuko hai, jani jipya litachomoza ndani ya siku chache. Ikiwa ya kahawia na inateleza, amekwenda. Pasueni kumi kutoka sehemu mbalimbali ndipo mwamue.

Kingine ambacho sikuambiwa na mtu: msimu uliofuata mahindi yangu yalitoka na majani ya zambarau, nikadhani ni ugonjwa. Bwana shamba akaniambia ni njaa ya fosforasi. Kwenye mizizi kuna kuvu rafiki wanaousaidia mmea kufyonza fosforasi, na shamba likikaa chini ya maji kisha likaachwa tupu, kuvu hao hupungua sana. Kwa hiyo hata pale mtakaposhindwa kupanda zao kuu, msiache tupu. Tupieni kunde au hata nyasi, mradi kuvu hao wapate mzizi wa kukaa. Kabichi na jamaa zake hawafai kwa kazi hiyo, mizizi yao haikaribishi kuvu hao. Mbolea ya kupandia msiikwepe msimu huo. Na ya kukuzia pia, kwa sababu naitrojeni iliyokuwamo nyingi imeoshwa au imegeuka hewa ikaruka.

Mboga za majani zilizozama, za kuliwa mbichi hasa, tupeni. Najua inauma. Maji yale yalipitia vyooni kwanza.

Fundi_Visima

Katibu, kuhusu kisima jibu ni hapana. Maji kutakata maana yake tope limetua chini, basi. Vijidudu havionekani. Kwa sasa maji yote ya kunywa yachujwe kwa kitambaa safi kisha yachemshwe mpaka yatokote kwelikweli, dakika moja nzima, na mkiwa nyanda za juu zaidi ya mita 2,000 ziwe tatu. Kuni zikiwa zimelowa zote, ile klorini ya maji ya kung'arishia nguo nyeupe, isiyo na manukato, ya asilimia 5 au 6: matone 2 kwa lita, maji yakiwa na ukungu matone 4, subiri nusu saa. Kama maji yananuka mafuta au dawa ya mashamba, hayo hata yakichemka hayafai.

Nimeharakisha hapo kwa sababu nataka mnisikilize hapa: msikikaushe kisima kwa mara moja. Ardhi yote imeloa, maji yanaukandamiza ukuta wa kisima kutoka nje. Ya ndani ndiyo yanayousaidia kusimama. Ukiyatoa yote haraka, ukuta unaingia ndani. Subirini maji ya ardhini yashuke, halafu mpunguze kidogokidogo kwa siku kadhaa huku mkiangalia nyufa.

La pili ni la kufa na kupona. Mtu yeyote asiteremshe pampu ya petroli ndani ya kisima, wala asishuke kisimani huku pampu inanguruma mdomoni. Moshi wake una hewa ya sumu isiyo na harufu, inajaa kisimani. Wa kwanza anaanguka, wa pili anashuka kumwokoa, naye anaanguka. Katika kazi hii hakuna ninachokiogopa kama hicho. Tumieni ndoo na kamba.

Mkishatoa tope na kusugua kuta, ndipo klorini. Kipimo kinategemea ujazo, kwa hiyo mpeni afisa afya namba kamili. Kisima cha kipenyo cha mita 1 chenye maji ya kina cha mita 3 kina lita kama 2,350. Ikitiwa, ikae usiku mzima, kisha mchote na kumwaga mpaka harufu ipungue. Baada ya hapo maji yapimwe kabla hamjayarudia. Na kama kuna choo cha shimo kilichobomoka karibu, mtatia klorini leo na wiki ijayo uchafu utarudi. Anzeni na choo.

Nesi_Mstaafu

Naongeza machache. Mafuriko yakipita kwa nguvu huwa yanaosha viluwiluwi vya mbu, ndiyo maana siku hizi mnaona nafuu. Vidimbwi vikibaki, yai hadi mbu ni wiki moja hadi mbili tu. Fukieni au fungulieni maji sasa, si mbu watakapoanza kuimba. Mwenye kidonda mguuni asiingie topeni peku: mikojo ya panya iliyomo kwenye maji yale huleta homa ya mgunda, na homa hiyo watu huidhania malaria. Atakayeharisha maji kama ya mchele msisubiri asubuhi.

Mfugaji_wa_Pembeni

Mizoga msichune. Najua ngozi ni mali. Vijidudu vya kimeta na chambavu hukaa udongoni miaka mingi na mafuriko huvifukua. Ng'ombe aliyekufa ghafla huku damu inatoka puani haguswi kwa kisu, aitwe daktari wa mifugo. Waliobaki muulizieni chanjo mapema.

Katibu_Bondeni

Wakuu, nimerudi. Siku kumi zimepita, simu ilikosa chaji na mimi nilikosa muda.

Mzee wa mnyororo, ulichosema kimefanyika. Nilimwomba jirani yangu yule msema kweli tuanze na mpaka wetu sisi wawili, ili wengine waone. Tulichimba wenyewe kwa zamu, mwalimu akitazama. Kina cha mkono mmoja jembe likagusa mabua, yote yamelala kuelekea chini ya mto, kama ulivyoandika. Tukasafisha kwa kisu. Kijia kilionekana, utepe wa rangi ya majivu, unene wa vidole vitatu. Watu wote waliokuja kutazama walinyamaza.

Tatizo ni kwamba kilionekana mahali ambapo sikukitegemea. Matuta yangu ya mwisho yalikuwa ng'ambo yake. Kwa miaka yote hiyo nilikuwa nimelima hatua mbili na nusu ndani ya shamba la mwenzangu, na sikuwa najua. Au nilijua kidogo, siwezi kuapa. Yeye alicheka mpaka akakaa chini. Nimepigilia mambo mwenyewe, mbele ya watu, nikaandika kwenye daftari: kutoka kona ya msingi wa nyumba yangu hatua 64, kutoka mti mkubwa hatua 41.

Baada ya hapo hakuna aliyehitaji kuhubiriwa. Siku hiyohiyo waliweka foleni ya kuchimba mitaro. Mipaka kumi na tisa imepatikana. Miwili ina ubishi, iko kule kwenye mchanga, tumeandika "bado" na wote wawili wamekubali kutolima hapo mpaka ofisi ya ardhi ijibu. Majembe yametulia. Jana nilifinyanga kidonge cha udongo wa shamba lililo juu kabisa bondeni, kikavunjika. Cha kwangu bado kinang'aa.

Mahindi tulipasua kumi. Manne yalikuwa na ncha nyeupe, yote yakiwa upande wa juu. Huko tumeyaacha.

Kisima hatujakigusa, tunachemsha. Afisa afya anakuja Jumamosi. Pampu ya petroli ilikuwa imeshaazimwa, Fundi. Ilikuwa imefungwa kamba tayari, ikisubiri kuteremshwa. Nimeirudisha kwa mwenyewe.

Mbeba_Mnyororo

Hatua ni za nani hizo, zako au za mwenzako? Pimeni tena kwa mita.

Katibu_Bondeni

Zangu. Sawa mzee, kesho asubuhi.